Kokwa Saba za Mzee Khiêm

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuvuta kamba ya kengele ya parokia yetu hapa Nam Định, Mzee Đoàn Văn Khiêm anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Novemba. Jumatatu atapanda treni kwenda Sài Gòn kuishi na binti yake, Thục, maana magoti yamezikataa ngazi za mnara.

Alikuwa fundi baiskeli kando ya lango letu. Mpiga kengele wa zamani alipougua, padre alimwomba ashike kamba wiki moja tu. Wiki hiyo ndiyo inaisha sasa.

Alipiga kengele pekupeku. Alisema mlio huanza kusikika kwenye nyayo. Sisi tunaopanga maua, tukizikuta kandambili zake chini ya mnara, tulijua tumeshachelewa misa ya alfajiri.

Kwetu akifa mwanamume kengele hulia mara saba, mwanamke mara tisa, na kichochoro kizima huhesabu. Alipofariki Mzee Toản, rafiki yake wa kunywa naye chai, Mzee Khiêm alivuta kamba huku analia, akapitiliza hadi tisa. Akina bibi wote wakatoka milangoni kutazamana. Bibi Nhàn, aliyekuwa akiumwa kifua wiki nzima, akapaza sauti kuelekea mnarani: "We Khiêm! Unanizika na uji wangu sijamaliza?"

Tangu siku hiyo alitembea na kokwa tisa za tunda la lichi mfukoni. Kila mlio, kokwa moja ilihamia mfuko wa pili.

Ndizo alizomhesabia mkewe, Lụa, alipofariki miaka sita iliyopita. Hakukubali mtu mwingine ashike kamba. Zilitimia tisa, hakukosea.

Jamani, kinachomuuma si magoti. Huko aendako kengele hulia kwenye spika. "Nikifia huko, nani atanipigia saba zangu?" alituuliza juzi, akijifanya anatania. Bi Thoa, anayepokea kamba, akamjibu: "Thục apige simu tu, Baba. Hata ukifia mwezini, zako nitazipiga hapa hapa."

Jana alimkabidhi Thoa zile kokwa tisa. Kisha akatoa nyingine saba, amezifunga kwenye leso ya Lụa. "Hizi usizichanganye," alisema.

Asante, Mzee wetu. Mungu akujalie siku nyingi na njema kwa Thục, na leso hiyo ikae bila kufunguliwa hadi Thoa naye magoti yamkatalie ngazi.