Safari ya Mizabibu

Basini, mama mmoja alitandaza ramani magotini na kumuuliza jirani yake, fundi magari mwenye ovaroli, ni siku ngapi kupita mashamba ya mizabibu hadi ng'ambo ya milima.

"Tatu, mkipumzika. Ila ule mteremko hautaki mzaha. Nani anaendesha?"

"Mzee wangu, baba watoto. Ameshalipia hadi vyumba vya kulala njiani." Akashusha sauti, nami niliyekaa nyuma yao, bila adabu, nikasogeza sikio. "Juzi kwenye taa za barabarani, yeye akiendesha, aliniuliza kanyagio la breki ni lipi."

"Mama! Ficha funguo."

"Nilificha. Alilia kama mtoto, na tangu hapo haniamini. Wewe fundi atakuamini. Nikimleta gereji kwako, mwambie injini imekufa."

"Nimdanganye mtu mzima?"

"Bora umdanganye kuliko umzike."

Mimi nimetoka chuo nikiamini kila tatizo lina jawabu.

Fundi akauliza taratibu, "Anaizungumzia sana hii safari?"

"Kila asubuhi. Ndiyo inayomtoa kitandani."

"Sasa nikishaliua gari, mama, yeye atabaki na nini?"

Basi likasimama kituo cha mwisho. Abiria wengine tulishuka, wao wawili tukawaacha wamekaa.