Walivyoniandika Kwenye Kalenda ya Friji

Mpeni Bwana sifa, ndugu zangu, na mmpe kwa nguvu, maana ilibaki kidogo tu binti yangu awe leo hana mama, na mama mwenyewe yuko hai.

Naitwa Mama Naomi, natoka Kitale, Kenya. Naomi ni huyo mstari wa tatu anayejificha kwenye shali. Usijifiche, nilikuomba ruhusa na ukanipa. Mume wake ni Eliasi, Mrundi wa kwenu hapa, dereva wa basi, mtu mpole mpaka inaudhi. Wana wasichana wawili, Lina wa miaka tisa na Keza wa miaka mitano. Nitayasema yote, na nitayasema kwa ukali, kwa sababu Bwana ameniokoa na hasira lakini sauti ameniachia ile ile.

Ndugu zangu, hasira yangu haikuwa ya kununa na kupona. Nilikuwa na hoteli ya chai na chapati pale karibu na steji ya magari, na wateja walijua kusoma uso wangu kabla ya kuketi. Dada yangu wa pekee, Esta, nilimwambia neno moja mbele ya watu kwenye matanga ya mama yetu. Mwaka huu ni wa saba, hajakanyaga kwangu wala mimi kwake. Na kwaya nilikuwa naimba, sauti ya pili, kila Jumapili, kisirani kimelala chini ya ulimi.

Sasa Naomi alinipigia simu. Akasema, Mama, mwezi wa pili watoto wana likizo ya wiki nzima, njoo ukae nasi. Nilitangazia soko zima. Nikawashonea watoto marinda ya kitenge, nikasaga unga wa wimbi, nikafunga sanduku. Mimi najua likizo ni watu kuketi pamoja. Mgeni anapikiwa, anaulizwa habari za nyumbani, jirani wanaitwa waje wamwone. Hivyo ndivyo nilivyotoka kwangu nikitarajia.

Nilifika hapa Uswidi, mtaa wa Hallonbergen, Jumamosi. Jumapili tulikula vizuri, tukacheka. Jumatatu naamka, nyumba kimya. Naomi ameondoka, Eliasi ameondoka, watoto wawili wako mezani wananikodolea macho. Naomi akapiga simu akiwa njiani: chakula kiko kwenye friji, Mama, na mengine yote yako kwenye kalenda.

Msinicheke, nyinyi mnazijua hizo kalenda, wengi wenu mnazo. Karatasi kubwa imebandikwa mlangoni mwa friji, imegawanywa safu, kila mtu wa nyumba na safu yake, kila siku na kisanduku chake. Kuogelea kumeandikwa. Kufua kumeandikwa, na saa ya kufua. Watu wa nyumba moja wanaandikiana kama ofisi. Mimi nikaipita, nikadhani hayo ni mambo yao.

Nikashinda na watoto Jumatatu. Nikashinda nao Jumanne. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiswidi. Wananiita mormor, ndiyo nyanya kwa Kiswidi. Nikamwambia Keza, mimi si mormor, mimi ni Nyanya, akacheka akakimbia. Kuwavalisha zile ovaroli za baridi ni kazi ya watu wawili, na ukimaliza mmoja anataka kwenda chooni. Jirani hata mmoja hakubisha hodi. Jumanne jioni Naomi akarudi amechoka, akanisalimu, akaenda moja kwa moja kwenye friji kutazama kesho kuna nini. Alinipa mgongo akaitazama karatasi. Hapo ndipo damu ilipoanza kuchemka.

Nikamwita Lina. Nikamwambia, nisomee hiyo kitu. Akaanza, maskini, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: huyu Mama, huyu Baba, huyu mimi na Keza. Nikauliza, na hii ya mwisho? Akasema, hii ni wewe. Safu yangu mwenyewe, juu imeandikwa Mormor. Jumatatu saa moja asubuhi mpaka saa kumi, watoto. Jumanne saa moja mpaka saa kumi, watoto. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi, Ijumaa, wiki nzima, mwandiko wa Naomi, na kalamu nyekundu.

Ndugu zangu, niliona giza. Nimezaa mtoto, nimemsomesha kwa moshi wa jiko, nimevuka bahari kuja kumwona, kumbe nimeletwa kushika zamu. Na kazi ya Naomi mnaijua, ni kuzunguka majumbani kuhudumia wazee. Nikamwambia usoni, unaenda kuwalisha uji mama za watu, na mama yako umemweka kwenye kisanduku. Akasema, Mama, hebu tuketi. Sikuketi. Nikaing'oa ile kalenda, nikaichana mara mbili mbele ya watoto. Eliasi akainamisha macho, akawachukua watoto chumbani. Nikasema maneno ambayo mama hapaswi kuyasema. Nikasema, kuanzia kesho huna mama, na simu yangu uifute.

Lilikuwa karibu neno lile lile nililomwambia Esta. Nililisikia likitoka na sikulizuia.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimevaa koti, sanduku mkononi. Nilijua fika kwamba Eliasi tayari yuko barabarani na basi lake na Naomi anatakiwa kazini, na kwamba nikitoka hana wa kumwachia watoto, na wazee wake watamngoja. Nilijua, nikatoka, nikafurahi kabisa kwamba nimemkomoa. Hiyo furaha ndiyo ninayoitubu leo kuliko maneno.

Nikateremka mpaka stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Nilikuwa naenda wapi? Sijui. Uwanja wa ndege siujui uko upande gani, na tiketi yangu ni ya wiki inayofuata. Nikaketi kwenye benchi. Treni ikaja ikaenda. Watu wanapita, hakuna aliyeuliza. Kwetu mwanamke wa umri wangu akikaa na sanduku asubuhi analia, hafiki dakika tano, mama watatu wameshamkalia kando. Pale wakanipisha kwa adabu, kama naumwa ugonjwa. Nikawakasirikia na wao. Nikamkasirikia Mungu. Nikasema, Bwana, nitoe mahali hapa.

Hakunitoa. Nikainua macho nikaona kuta. Mnaopita Hallonbergen mnazijua: kuta zote zimejaa michoro ya kitoto, vichwa vikubwa, miguu ya vijiti, nyumba zilizolala upande. Kabla ya hapo nilikuwa nimezipita tu. Na nikakumbuka karatasi moja. Naomi akiwa na miaka saba alinichorea hoteli yangu, mimi nimesimama mlangoni, na yeye yuko mbali pembeni na nyanya yake, karibu na ng'ombe. Nilimuuliza mbona uko huko mbali. Akasema, ni likizo.

Kwa sababu, ndugu zangu, kila shule ilipofungwa mimi nilimpeleka Naomi kwa mama yangu. Kila likizo, miaka minane. Sikumuuliza mama yangu hata siku moja. Nilimshusha mtoto na begi lake, nikanywa chai nusu kikombe, nikarudi kuuza chapati. Na miaka hii yote nimekuwa nikingoja siku Naomi atakaponiambia, Mama, ulinitupa. Nimeingoja kwa woga, na woga wangu mimi hutoka ukiwa hasira. Nilikuwa nimemrukia kwanza ili asiniwahi.

Nikawasikia kabla ya kuwaona, Keza analalamika baridi. Naomi ameshika mkono huu Lina, ule Keza, ovaroli ya mtoto haijafungwa. Alikuwa amepiga simu kazini kuomba mwenzake amshikie zamu. Hakunibembeleza. Aliketi kwenye benchi lile lile, sanduku katikati yetu.

Nikamwambia, sema. Sema kwamba mimi nilikuwa nakuacha kwa Nyanya kila likizo.

Akanitazama kama sijielewi. Akasema, "Mama, ile ndiyo iliyokuwa likizo. Sina ingine. Kukamua na Nyanya, kulala na Nyanya, kusemwa na Nyanya mpaka jioni. Kwa miezi mitatu nimeomba nipewe zamu za mchana wiki hii, ili hawa nao washinde na nyanya yao hata wiki moja kama ile. Nilidhani nimekupa kitu kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba."

Ndugu zangu, sikilizeni. Kile nilichokibeba kama kosa langu, mtoto alikuwa amekitunza kama mali yake. Nikalia kilio cha msibani, kwa sauti, na wale watu wa adabu wakalazimika kugeuka. Sikuombewa wala kuwekewa mikono. Yesu alinikuta kwenye benchi la stesheni, naye ndiye aliyenifungua.

Lakini nisiwadanganye kwamba niliishia kulia. Nilipofuta kamasi nilimwambia, ungeniuliza. Hilo nalisema hata leo, na nawaambia vijana wote humu ndani: mnatuita kwa furaha, mnatuandika bila kutuuliza, halafu mnatushangaa. Mama si mashine ya kufua, ya kuwekewa saa. Muulize. Atakubali, lakini muulize. Naomi akasema, "Nimekosa, Mama. Nisamehe." Nami nikafuta neno langu mbele ya watoto wale wale walionisikia nikilisema. Nikamwambia unaye mama, na utakuwa naye. Sijawahi kuomba msamaha maishani mwangu nikiwa nimeketi na mtoto niliyemzaa. Unachoma koo, lakini unapita.

Tulirudi nyumbani, Naomi akaenda kazini amechelewa. Lina akaokota vipande vya kalenda, akaviunga na gundi ya karatasi. Safu yangu ninaandika mwenyewe sasa. Alhamisi niliandika: kufundisha chapati. Ijumaa: Nyanya amechoka, asiguswe. Na Jumamosi, jana, niliandika jina moja tu, Esta. Nilipiga. Ikaita ikakatika. Nikapiga tena, akashika. Nikasema, dada, nilikukosea. Akasema huko kwake mvua imenyesha. Nikamwambia hapa kuna theluji. Baada ya miaka saba, hayo ni mengi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Eliasi, ambaye aliporudi kutoka kazini ile Jumatano alinitengenezea chai. Na wewe uliyeketi hapo na hasira yako umeivalisha suti ya Jumapili, wewe ambaye kuna mtu humpigii simu, mkabidhi Yesu. Usingoje upoe kwanza. Mimi hakunikuta nimepoa.

Jumanne ninaondoka. Leo asubuhi tukivaa viatu vya kuja hapa, Keza alikuwa amesimama mbele ya friji na kalamu nyekundu, anatazama karatasi mpya ya likizo ijayo, ambako safu yangu iko tupu. Tangu nije hajaniambia neno moja la Kiswahili. Akanigeukia akasema, "Nyanya, naweza?"

Aliuliza kwanza. Nikamwambia, andika.