Vidonge Ndani ya Sufuria

Wapendwa, jina la Bwana litukuzwe, maana mnaniona nimesimama na macho yangu ni meupe. Wanaonijua wanaelewa kwa nini naanza na macho.

Mimi ni Mama Riziki. Nilitoka Bukavu, na tangu nifike Kampala kazi yangu ni kupika. Nilipika katika mkahawa mdogo pale Wandegeya, wanakokula wanafunzi. Mwenye mkahawa tulimwita Nalongo kwa sababu alizaa mapacha. Siku ya kwanza alinifundisha kupika mulokoni, yaani kwato za ng'ombe. Kwato zinataka nusu siku jikoni, na zinamaliza makaa. Basi alichukua vidonge vya maumivu, vile vyeupe ambavyo kila nyumba inavyo, akavitumbukiza ndani ya sufuria.

"Usiogope, mama," aliniambia. "Hii ni dawa. Dawa itaua nani?"

Ndugu zangu, mkono huu ulitumbukiza vidonge miaka mitatu. Nyama iliiva upesi, wanafunzi wakasifu mchuzi wangu, nami nikajiona fundi. Hasira ninayowaeleza leo, nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Tena nilivimeza. Moshi uliniumiza kichwa, mgongo nao ukauma, na pakiti ilikaa pale pale karibu na chumvi. Viwili asubuhi, viwili saa nne, vitatu mchana, mwisho sikuhesabu tena.

Ndipo nikaanza kuchoka. Nilitapika kila nilichokula, mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakageuka manjano. Mkasema, hapa hapa kanisani, kwamba nimerogwa na mke mwenzangu. Mume wangu hana mke mwingine, ndugu zangu! Mkanifungisha na kuniombea siku tatu. Nikaacha chakula huku naendelea kumeza vidonge, kwa sababu niliona vidonge si chakula. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Mama, unameza nini?" Hilo bado linaniuma.

Siku ya nne nilianguka, mume wangu akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa binti wa umri wa Riziki wangu. Yeye aliuliza. Nami nilimdanganya, nikiogopa kupoteza kazi. Akarudi baadaye na majibu ya vipimo mkononi.

"Mama, damu yako ilishaniambia," alisema. "Sasa mimi nataka wewe useme."

Nililia, nikasema yote, hata ya sufuria.

Alinieleza kwa Kiswahili cha kuokoteza, nami nikaelewa kuliko mahubiri mengi. Kidonge kwa kipimo chake kinasaidia. Kikizidi, ini linapokivunja inatoka sumu inayoua seli za ini. Mwili unajitahidi kujenga mpya: seli moja inagawanyika ziwe mbili. Lakini kabla ya kugawanyika lazima inakili DNA yake, maagizo yanayoiambia iwe nini na ifanye nini. Dawa ikijaa mno inaweza kuyaharibu maagizo hayo, au kuzuia yasinakiliwe, na seli zilizokufa zikakosa za kuzirithi. Na ikichemshwa muda mrefu, inaweza kugeuka kitu kingine kinachodhuru figo. Hapo niliwakumbuka wale wanafunzi na sahani zao.

Maagizo ambayo Mungu aliyaandika nikiwa tumboni mwa mama yangu, mimi nayachafua ili Nalongo aokoe makaa! Nilikasirika mpaka nikainuka nikakaa kitandani.

Walinitundikia dripu siku nyingi. Ini likiachwa lipumzike linaweza kuota tena, na langu likaota. Mnasema ni muujiza, nami nasema amina. Lakini muujiza ulianza niliposema kweli.

Nilipopona nilimwendea Nalongo. Alicheka, akasema Wakongo tunapenda maneno. Nikawaambia wanafunzi wenyewe, meza kwa meza, mpaka akanifukuza.

Nilidhani hasira yangu imeishia Wandegeya. Ndugu zangu, leo asubuhi nimeingia jikoni nyuma ya kanisa hili, mnakopikia wageni wetu waliotoka Nairobi, na kando ya sufuria ya nyama nimekuta pakiti imefunguliwa. Sitataja mtu. Ameshalia.

"Mama Riziki, ibada itaisha nyama bado ngumu," aliniambia. "Wageni watatucheka."

Nimeimwaga. Nyama yote ya kanisa, mimi ndiye niliyeimwaga, na mzee wa kanisa ananitazama vibaya hata sasa. Anitazame.

Namshukuru Mungu kwa uzima. Wewe unayenyamazisha maumivu kila siku kwa kidonge, mtumaini Bwana, uende ukapimwe, na umwambie daktari kila ulichomeza, hata kile cha aibu. Mimi aibu haikuniua. Kuficha ndiko kulikokaribia kuniua.

Wageni wetu, mtusamehe. Tumebandika maharage, hayakulowekwa, na ndani yake mna maji na chumvi tu. Tutakula yakiiva.