Pedali ya Kulia: Mama Paskazia Aaga Karakana

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Paskazia Maduhu, fundi seremala wa hospitali yetu ya misheni hapa karibu na Tinde, atakabidhi funguo za karakana baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Masele wa mapokezi, niandike wasifu wake. Nimekubali haraka kabla hawajampata mtu mwenye mwandiko mzuri zaidi.

Alizaliwa Samuye, kwa baba mchonga vinu. Alipoajiriwa mwaka 1991, mkuu wa karakana wa wakati huo alimpa ufagio na kumwonyesha maranda yalipo. Alifagia wiki mbili. Wiki ya tatu meza ya dawa ilivunjika mguu mkuu akiwa msibani, naye Paskazia akaitengeneza kabla ya chai ya saa nne. Ufagio akapewa mwingine.

Tangu hapo ametengeneza vitanda, mabenchi ya kliniki, magongo, miguu ya bandia na, sina budi kusema, majeneza. Futi ya kupimia haishiki sana. Ukimwamkia shikamoo, anakuitikia marahaba huku macho yakikupima kuanzia utosini hadi kisiginoni. Kwa kuwa hujui anakupimia nini, wengi wetu hatupendi kusimama mbele yake muda mrefu.

Lakini kazi yake ninayoijua kuliko zote ni seti ya drams. Mwaka 2012 niliangukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Bugarama. Nililetwa hapa, nikakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga drams wa kwaya. Kidonda kilipopona, Mama Paskazia alinichongea mguu mzuri wa mbao, nami nikausukumia chini ya kitanda. Niliona maisha yangu yamekwisha. Kila asubuhi alipita, akaukuta palepale, na vidole vyangu vikigonga chuma cha kitanda.

Akaanza kuunda drams. Besi, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa kukanyaga pedali, aliikata kutoka kwenye pipa la mafuta, na snea, ngoma ndogo ya vijiti, ikatokana na sufuria ya jikoni iliyotoboka kitako. Ngozi ya kwanza ya ng'ombe aliianika nyuma ya karakana, mbwa wa mlinzi wakaifanyia karamu. Ya pili aliiwamba kwa nguvu mno ikiwa mbichi, jua la Agosti likaipasua katikati. Ya tatu ndiyo tunayoipiga mpaka leo. Matoazi ni ya bati zito, na yanalia kama mfuniko ulioanguka jikoni. Tumeshayazoea.

Siku aliponisukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda kuziona, nilitokwa na machozi ya furaha. Kisha nikaiona pedali ya besi. Ameiweka kulia, upande nisio na mguu. Nikamwomba aihamishie kushoto, kazi ya dakika tano tu.

"Mayu, nihurumie," nilimwambia, kama Msukuma anavyomwomba mama yake.

"Mguu wa kulia nilishakupa," akajibu. "Uko chini ya kitanda."

Nilimchukia. Siku tisa sikumwamkia, na kwetu hilo si jambo dogo. Siku ya kumi niliufunga ule mguu, nikajikokota kwa magongo mpaka karakana, nikakaa kwenye kigoda alichokitengeneza bila kunipima. Kilinitosha sawasawa. Pigo la kwanza la besi halikusikika. La ishirini lilisikika hadi wodi ya wazazi, nesi akaja kutufokea.

Miezi miwili baadaye niliajiriwa hapa. Bendi ya wafanyakazi hupiga kila sikukuu, nami natembea bila gongo. Miguu mingine aliyoichonga Mama inalima pamba, mingine inachunga ng'ombe, na mmoja, nasikia, unacheza mpira.

Mama, kwa niaba ya wote, wabeja, asante sana. Nenda Samuye ukapumzike, choroko zako zizae na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Siku ya sherehe utaketi mstari wa mbele, na huenda matoazi yakanificha. Ukisikia besi, ujue ni mguu wa kulia.