Mwalimu Melchior Bisimwa, Aliyekataa Kuongeza Wafu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Nicole, binti wa mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba mkubwa wangu, Mwalimu Melchior Bisimwa, bila kupamba, kama alivyotaka mwenyewe.

Alizaliwa Kabare, mashariki mwa Kongo, tarehe 14 Machi 1956, akasoma kwa mapadri, na mwaka 1978 akapata ufadhili wa kwenda Poland, akasomea historia mjini Gdańsk, akaandika tasnifu juu ya Pomerania, pwani ya Baltiki iliyogombewa na Wapoland na Wajerumani katika karne za kati, hasa juu ya Novemba 1308, wakati wanajeshi watawa wa Kijerumani walipouteka mji huo na kuchinja watu, kisha walalamikaji wakamweleza Papa kwamba wamekufa zaidi ya elfu kumi, wauaji wakajibu kwamba ni majambazi kumi na watano tu. Alituambia kilichomuumiza ni kwamba katika ugomvi ule wa hesabu karibu hakuna aliyejali majina.

Alirudi 1985, akafundisha sekondari karibu na Bukavu, akafunga ndoa na mama mkubwa Cécile tarehe 9 Agosti 1986, wakajaliwa Égide, Vanessa na Bruno.

Tarehe 30 Oktoba 1996, saa nne asubuhi, watu wenye silaha waliingia shuleni, wakawapanga wanafunzi ukutani, wakawapiga risasi, waliobaki wakamaliziwa kwa mapanga, naye amejificha juu ya dari akiwasikia wanaita mama zao, na aliposhuka aliwatambua mmoja mmoja, wengine kwa viatu, akaandika majina ishirini na moja. Upande mmoja wa vita ukamtaka aseme redioni kwamba ni mia tatu, mwingine ukamtaka aseme hakuna aliyekufa, akawajibu wote, "Nimezika ishirini na mmoja." Februari 1998 walimfuata nyumbani, wakamkosa, wakamkatakata Égide mlangoni, na mpaka leo hatujui walikuwa wa upande upi. Mama mkubwa, ambaye ameniruhusu kulisema hili, alimwambia, "Ungesema tu mia tatu," kisha hakuzungumza naye mwaka mzima.

Walikimbilia Uganda, wakafika Sydney tarehe 5 Juni 2009, wakakaa Macquarie Fields, naye akafanya kazi ya ghala huko Minto hadi 2021.

Saratani ya ini iligunduliwa mwaka jana. Mwezi Machi mwaka huu jirani yetu, Bwana Ndikumana, alikuja akaketi kando ya kitanda chake, akasema, "Mwalimu, lori lao siku ile ya shuleni niliendesha mimi, nimeshikiwa bunduki. Walipakia wasichana wawili waliouza mandazi getini, wakawaua njiani. Majina yao ninayo."

Baba mkubwa akamwomba Bruno kalamu.

"Nilihesabu wanafunzi tu," akasema. "Taja."

Alifariki tarehe 17 Mei 2025, hospitalini Campbelltown. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wenzake wa ghalani, na kanisa. Bwana Ndikumana, mama mkubwa anaomba usimame hapa mbele, ulibebe jeneza pamoja na Bruno.

Mwalimu wetu, umefanya kazi ya kutosha, pumzika sasa kwa amani.