Wake Wenza wa Maabara

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, poleni kwa msiba huu ulio wetu sote. Mimi dada yake mkubwa nimeombwa nisome kwa kifupi, nami nitajitahidi, ingawa mdogo wangu mwenyewe ufupi hakuujua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama yetu, akiwa kitinda mimba, akasoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya bweni, hadi chuo kikuu alikohitimu biolojia mwaka 1993, na alikuwa mbishi tangu utoto, ukimwambia jambo haliwezekani umemchokoza.

Mwaka 1996 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa saratani, chumba cha chini kisicho na dirisha, wakitafuta dawa zinazolenga seli zenye ugonjwa tu na kuziacha nzima salama, na zile seli sugu, zinazobaki hai dawa ikishaua nyingine, ambazo wenzake walizimwaga, yeye alizitunza na kuzilisha kila baada ya siku moja, sikukuu haikosi, akisema kikulacho ki nguoni mwako, usikitupe kabla hujakijua.

Tarehe 9 Agosti 1997 alimuoa wifi yangu huyu, na jioni ile ile, jamani, bwana harusi alitoroka ukumbini na suti yake kwenda kulisha seli, tukabaki tunatazamana na keki, ndipo wifi akazibatiza wake wenza, na jina likaganda. Walijaliwa binti na mvulana.

Februari 2022 alianza kukohoa, akagundulika ana saratani ya mapafu, dawa ya kwanza ikamsaidia mwaka mzima, kisha uvimbe ukawa sugu, na ya pili vivyo hivyo, akaomba kipande cha uvimbe wake kipelekwe maabara kwake, wenzake wakaziotesha seli zake na kuzijaribia dawa moja baada ya nyingine, wakikimbizana na muda, lakini muda ukawashinda, akafariki nyumbani Jumapili tarehe 11 Mei 2025, na mimi nina hasira, sifichi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na wenzake wa maabara, ambao leo wamechelewa kufika na nyie mkanong'ona. Msinong'one, wametumwa maabara na mjane mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa siku ya kulisha zile seli za uvimbe wa marehemu, akawaambia kwamba huyu mke mwenza ndiye aliyemchukua mume wake, basi asife njaa, asife kwa kitu kingine chochote, mpaka ipatikane dawa ya kumuua.

Pumzika kwa amani, mbishi wetu, wake wenza wamekula.