Silasi Kashindye, Baharia wa Kungwe Aliyekuja Kuishi Mbali na Maji

Mzee Silasi Kashindye anastaafu tarehe 30 Juni 1956, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili, kwanza ziwani, kisha relini.

Msafiri gani wa Tabora asiyeijua sauti yake? Treni ikisimama, hupita madirishani akiwaamsha waliolala: "Wa Mwanza, shukeni! Mkilala mtaamkia Kigoma!" Watu wa mtaa wa Mtendeni, jirani na stesheni, wanadai kwa sauti hiyo hawana haja ya saa. Shaban, mpishi wetu hapa stesheni, amemwiga miaka mingi na hajamfikia hata nusu.

Wachache wanajua kwamba alianza kazi akiwa baharia wa Kungwe, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, pamoja na mdogo wake, Hilari. Masika ya mwaka 1937 dhoruba iliikuta meli hiyo ikirudi Kigoma. Maji yalijaa chumba cha injini, meli ikalala ubavu. Kati ya mashua mbili za kuokolea watu, moja ilipasuliwa na mawimbi. Silasi akashuka na iliyobaki, akawavuta watu majini mpaka nayo ikaelekea kuzama. Ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Mbele yake wawili walikuwa wameshikilia ubao: Hilari, na Apolinaria, mama mjamzito wa Sikonge.

Hilari akasema, "Kaka, mchukue mama. Mimi nitawafuata."

Silasi akamvuta mama. Alipogeuka, ubao ulikuwa unaelea peke yake.

Wavuvi walikuja na mitumbwi, wakaokoa wengine. Hilari hakuonekana tena. Silasi alipongezwa mbele ya watu. Yeye akaomba tu ahamishiwe mahali pasipo maji. Ndivyo tulivyompata. Tangu hapo, kila alipotakiwa kwenda Kigoma kikazi, alikataa.

Wiki iliyopita Bibi Apolinaria alikuja kumuaga, pamoja na binti aliyemzaa mwaka ule. Binti akapiga goti: "Shikamoo, baba." Mzee alimshika mikono, akalia mbele yetu sote.

Mstaafu hupewa tiketi ya kwenda atakako. Tulidhani ataomba ya kwao, Nzega. Ameomba ya Kigoma. Anasema mama yao alifariki akiuliza Hilari yuko wapi, na hakuna aliyekwenda ziwani kumpa mdogo wake habari za msiba.

Mzee Silasi, asante kwa kazi uliyotufanyia. Mungu akujalie safari njema, na maneno utakapofika.